Hadithi Iliyoapishwa

Stashahada yangu ya uandishi wa habari imetundikwa sebuleni, juu ya televisheni, ndani ya fremu ya mvule niliyoichongesha Ukunda. Mgeni akiingia kwangu huiona kabla hajaniona mimi, nami sioni haya kusema hivyo. Niliondoka Msambweni nikiwa mhudumu wa hoteli, mbeba sinia za watu ufukweni Diani. Nikaenda Ulaya, nikaosha sahani, nikaogesha wazee wasiojiweza, na jioni nikakaa darasani na watoto ambao ningeweza kuwazaa, mpaka mwalimu wao akasimama akawasomea insha yangu kama mfano. Hakuna mjomba aliyenilipia karo. Hakuna mbunge aliyeniandikia barua. Niliporudi nilijenga nyumba ya vigae, nikaandika vitabu viwili na kuvichapisha Mombasa kwa jasho langu. Wako watu hapa Kwale wenye shahada kubwa kuliko yangu ambao hawajawahi kuandika hata tanzia ya jirani.

Huko Ulaya ndiko nilikojiunga na chama cha kimataifa cha waandishi. Chama hicho kina matawi katika nchi nyingi, na kazi yake ni kupeleka fasihi ya watu hawa ikasomwe na watu wale, na kumsimamia mwandishi anayezibwa mdomo. Mkutano wangu wa kwanza ulifanyika katika chumba cha juu cha maktaba, mvua ya baridi ikigonga madirisha. Nilidhani nitakuta watu maarufu wakibishana juu ya riwaya. Nikamkuta bibi mmoja mwenye mkongojo akigawa kadi tupu na kalamu. Kila mtu alikuwa akimwandikia mwandishi aliyefungwa katika nchi ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona hata kwenye ramani.

Nilimwuliza bibi yule, "Nimwandikie nini mtu nisiyemjua?"

"Mwambie bustani yako ikoje. Mwambie mvua imenyesha. Askari wa gereza ndiye atakayeisoma kwanza. Akiona kadi zinamiminika kutoka kila upande, atajua kwamba mtu huyu ana wenyewe."

Neno hilo lilinishika. Kwetu Pwani tunalijua bila kufundishwa: mtu mwenye wenyewe haguswi ovyo. Chama kile kilikuwa kimejifanya wenyewe wa watu wasio na wenyewe. Mbele ya chumba waliweka kiti kimoja ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, kiti cha mwandishi aliyekuwa jela wakati ule, na mkutano mzima ulikwenda kiti kile kikitutazama. Nilitoka pale nikiwa nimeamua kwamba nikirudi nyumbani nitaanzisha tawi.

Nikalianzisha. Nasema nikalianzisha, sisemi tukalianzisha, kwa sababu ukumbi hapa Ukunda, nyuma ya duka la vitambaa, niliutafuta mimi, viti nilivibeba mimi kwa gari langu, na chai niliipika mimi. Mwezi wa kwanza nikaweka kiti kitupu mbele, kama nilivyoona Ulaya. Kijana mmoja wa bara, mhudumu wa baa katika hoteli moja ya Diani, mwandishi wa mashairi ya Sheng, akaingia amechelewa na kukikalia moja kwa moja.

"Hicho kiti kina mwenyewe," nikamwambia.

"Nani?"

"Mwandishi aliyefungwa."

"Sasa bosi, yeye hayuko, na mimi nimesimama tangu asubuhi nikimimina bia. Akitoka jela nitampisha, haki ya Mungu."

Watu walicheka, nami nikacheka. Wakati ule jambo la kufungwa mdomo lilikuwa bado mbali, jambo la nchi za watu.

Mwandishi bora katika tawi letu, ukiniondoa mimi, alikuwa mwalimu wa chekechea. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa kijiji kilichoko mbele ya Kinango, kule ambako mvua ikikosa, ng'ombe hutembea kutwa kutafuta maji. Alizungumza kwa sauti ya chini hata tukalazimika kuzima feni ili tumsikie. Tulipokuwa tukikusanya hadithi za kitabu cha tawi, alileta karatasi chache zilizokunjwa ndani ya mfuko wa unga.

Hadithi yake ilikuwa fupi. Mzee anaishi peke yake kwenye shamba la ukoo. Barabara inakuja, bei ya ardhi inapanda, wanunuzi wanaanza kufika na magari yao. Mzee hataki kuuza. Wana wa ndugu yake wanaanza kunong'ona kwamba yeye ni mchawi: mtoto akiharisha ni yeye, ng'ombe akiharibu mimba ni yeye. Asubuhi moja wanamjia. Ni wakati wa ukame, maji yanaletwa kwa punda kutoka silanga, bwawa la mvua lililo mbali, na mzee amebakiwa na dumu moja tu. Anawaona vijana wake wana mapanga na wanatoka jasho, anadhani wanatoka kufyeka. Anawapa maji kwanza. Wanakunywa. Kisha wanafanya walilokuja kulifanya. Hadithi iliishia kwenye vikombe, vilivyobaki vimepangwa juu ya kigoda, ndani bado vina unyevu.

Nilipomaliza kuisoma niliirudia tangu mwanzo, na mimi si mtu wa kurudia kazi za wengine.

"Umeitoa wapi hii?"

"Kwa mama," akajibu. "Yule mzee ni mjomba wangu. Mama ndiye aliyefika wa kwanza. Alivikuta vikombe, akaviosha, maana hakujua mikono yake aiweke wapi. Baadaye ndipo akaelewa ni nani waliovinywea. Hakuwahi kusema mbele ya watu. Alikuwa akinisimulia mimi tu, kila nikienda kumwona."

Nilifanya kama chuo kilivyonifundisha. Jina la kijiji halikuwemo, wala la mzee, wala la ukoo. Kitabu kikatoka, nami nikaisoma hadithi ile mwenyewe kwenye redio moja ya Pwani, kwa sababu sauti yangu inafaa redio, hata mtangazaji alisema. Nilipomaliza, simu zikaanza kuingia. Mtu wa Vanga akasema anamfahamu mzee huyo. Mwanamke wa Mkwiro akasema ni babu yake. Mwingine wa Msambweni akalia hewani na kusema, "Mmejuaje?" Kila mmoja alikuwa na mzee wake. Mtangazaji alinitazama kupitia kioo, akasahau kuweka matangazo ya biashara.

Simu ya kijijini ilikuja siku ya tatu, mwalimu akiwa kwangu sebuleni. Aliyepiga alikuwa binamu yake, mkubwa wa wale wana wa ndugu. Mwalimu aliiweka simu kwenye spika ili nami nisikie.

"Dada, tumesikia redio."

"Mmesikiaje?"

"Tumesikia vizuri. Umetuita wauaji mbele ya Pwani nzima."

"Kuna jina lenu pale?"

"Kuna vikombe."

Mwalimu alinitazama. Mbali na mwalimu mwenyewe, kabla ya hadithi ile habari ya vikombe ilijulikana na mama yake aliyeviosha na waliovinywea tu: kwa kuvitambua, binamu alikuwa amejitaja. Lakini neno kama hilo huwezi kulipeleka mahakamani.

"Uje uape," sauti ikaendelea. "Mganga wa kiapo ameshaitwa. Kama uliyoyaandika ni kweli, shoka halitakudhuru. Kama ni uongo, watu waone."

Nikainyakua simu. "Wewe kijana, hadithi haiapishwi!"

"Nani huyo?"

"Mimi ni mwenyekiti wa tawi la…"

"Ah, Bwana Ulaya! Njoo nawe. Moto hauna ubaguzi."

Kwa asiyekijua, kiapo cha shoka ni hivi. Shoka huwekwa kwenye makaa mpaka liwe jekundu, mganga hulisemea maneno yake, kisha hulipitisha juu ya kiganja cha anayeapa. Asiyeungua ndiye mkweli. Mimi ni Mwislamu, na kwangu huo ni ushirikina. Lakini hata mtu anayekwenda msikitini au kanisani, akiwa amezaliwa kule, hawezi kuuambia mkutano wa ukoo kwamba haamini.

Nilikwenda kwanza kwa ofisa mmoja wa serikali. Alinisikiliza akichokonoa meno, akasema hayo ni mambo ya kifamilia na hakuna aliyedhurika. Akidhurika mtu, nirudi. Ndipo nikawaandikia wenzangu wa chama, na naomba wanaowabeza watu wale wasikie: walinipigia siku ya pili yake. Mama mmoja mwenye miwani alinitokea kwenye skrini na kalamu mkononi.

"Anayemtishia ni nani? Serikali? Jeshi? Kundi lenye silaha?"

"Binamu zake."

Alinyanyua kalamu akaishusha. Nilimwona akitafuta mahali pa kuliandika jibu langu. Mashine yao yote, kadi na barua kwa balozi na matamko kwenye magazeti, ilitengenezwa kumtisha mtu mwenye cheo anayeogopa kupoteza cheo. Wale vijana hawakuwa na cheo. Na kule Ulaya hakuna aliyenifundisha la kufanya mtu anapotishwa na wenyewe.

Hata hivyo hawakutuacha. Baada ya siku chache walikuwa wamepata nyumba ya waandishi katika mji mmoja wa baridi kando ya ziwa, mwaka mzima, tikiti na posho. Mwalimu angeweza kwenda peke yake, au na mume na watoto kama angekuwa nao. Mama mzazi hakuwemo katika utaratibu wao. Nililipeleka jambo hilo tawini kama mtu anayepeleka ushindi. Kijana wa baa akapiga meza kwa furaha.

"Mwalimu, panda ndege uende zako. Hao mabinamu wako ni noma."

Mwalimu akatikisa kichwa. "Kwetu anayekimbia kiapo amekiri. Mimi nikiwa ndani ya ndege, wao watakuwa mlangoni kwa mama. Mwangalieni mama alivyo. Mjane, mzee, anakaa peke yake kwenye shamba la kaka yake, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni. Anahitaji nini zaidi ili aitwe mchawi?"

"Mlete mama hapa Ukunda," nikasema.

"Nimemwomba. Anasema akitoka tu, shamba limekwisha, na kaka yake amelala pale. Halafu naye atakuwa amekimbia."

Nikamwonyesha njia ya tatu, ambayo kwa sheria ilikuwa njia safi. Aende aseme kwamba ile ni hadithi, ameibuni, basi. Hakuna uongo ndani yake, maana kila mwandishi hubuni.

Mwalimu akanigeukia. "Nikisema nimebuni, mjomba wangu amekufa mchawi."

Hatukuwa na njia ya nne. Aliyekuwa kwenye mizani ni mama: binti akikimbia, mama angeitwa mchawi, binti akikana, mzee angebaki mchawi na shamba lingeuzwa, binti akiapa, kila kitu kingetegemea chuma cha moto mkononi mwa mtu aliyelipwa na upande mwingine. Akachagua kuapa.

Nilimpeleka kwa gari langu, gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, lisilojua mlima. Tulipanda Kwale, tukashuka upande wa pili ambako kijani huisha kama kilichokatwa kwa kisu, tukapita Kinango siku ya mnada wa mbuzi. Njia nzima mwalimu alikuwa akifungua na kufumba kiganja cha kulia.

Mama yake alitupokea kwenye mlango wa nyumba ya udongo. Nilimwamkia kama ninavyowaamkia kina mama wa kwetu.

"Shikamoo, mayo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe uliyesoma redioni?"

"Ndimi," nikajibu, na sitaficha kwamba nilitanua kifua.

"Sauti yako nzuri. Lakini pale kwenye maji ulikimbia. Pale hapakimbiwi."

Nimesomwa na wahariri wa nchi mbili, na hakuna aliyewahi kunigusa mahali sahihi namna ile. Nilimwambia nimesikia.

Watu walikuwa wamekwishajaa kwenye uwanja wa ukoo. Wazee kwenye viti, wanawake chini kwenye leso, wale vijana watatu wamesimama pamoja upande wa ng'ombe, mashati yamepigwa pasi. Mganga wa kiapo alikuwa mtu mfupi mwenye koti la suti, akipulizia makaa kwa kipande cha karatasi ngumu. Shoka lilikuwa ndani.

Nilisimama kabla hawajaanza. Nimezungumza mbele ya waandishi wa mataifa mengi, nisingeweza kushindwa na uwanja wa mbuzi.

"Wazee wangu, nawaheshimu. Lakini nani hapa amekisoma kitabu?" Nikakiinua juu. "Mnataka mtu aapie maneno ambayo hamjayasikia yote? Yasomwe kwanza."

"Redio tulisikia," akasema yule binamu mkubwa.

"Wewe ulisikia. Wazee hawa je?"

Mzee mmoja akageuka kumtazama mganga, mganga akapandisha mabega. "Asome. Shoka bado halijaiva."

Nikasoma. Nilisoma kama ambavyo sijapata kusoma. Nilipofika kwenye maji, nikaenda taratibu: dumu moja, kata ikigonga chini ya dumu, kikombe cha kwanza, kikombe cha pili, kikombe cha tatu. Mwanamke mmoja chini kwenye leso alijifunika uso. Watoto waliokuwa wakifukuzana nyuma ya zizi walikuwa wamesimama. Binamu mdogo alikuwa akichora ardhi kwa kidole cha mguu, na alipoona watu wanamtazama akauacha mguu hewani, asijue pa kuuweka. Nimehudhuria usomaji wa vitabu katika kumbi zenye mazulia na mvinyo. Kabla ya siku ile sikuwa nimeona maneno yakiingia ndani ya watu.

Nilipofunga kitabu, mganga alisema, "Haya. Mwandishi aje."

Mwalimu akasimama. Mama yake akamshika nguo, akamvuta chini, kisha akainuka yeye, kwa shida, mkono mmoja kwenye goti.

"Kaa, mwanangu. Huyu ameandika tu. Maneno ni yangu."

"Shangazi, hili si lako," akasema binamu mkubwa.

"Si langu? Vikombe aliviosha nani? Yeye alikuwa Ukunda anafundisha watoto wa watu a, e, i. Mimi ndiye niliyemsimulia. Nilimsimulia mpaka akachoka. Kama kuna ulimi uliokosa, ni huu."

"Aliyeitwa ni mwandishi," mganga akasema.

"Basi ni mimi."

Mwalimu alilia, akamng'ang'ania miguu. Wazee walisemezana. Mmoja akasema aliyetoa neno ndiye mwenye neno, na hilo lilikuwa kweli kwa mila yao na kwa mila yoyote ninayoijua. Wakakubali. Nikapaza sauti kwamba kama ni kiapo, basi na vijana waape, shoka liende pande zote. Mganga alinitazama kwa upole kabisa.

"Neno moja, shoka moja. Bwana Ulaya, kwenu mnaapa kwa karatasi. Nenda ukaape huko."

Walioko nyuma walicheka. Mama aliunyosha mkono wa kulia.

"Sema," mganga akamwambia.

"Kaka yangu aliwapa maji. Wakayanywa. Kisha wakamuua."

Sitaeleza sana. Shoka halikupitishwa kama nilivyoambiwa kwamba hupitishwa. Lilikaa. Nilisikia harufu kabla sijasikia sauti, na sauti haikuwa ya mama, ilikuwa ya binti. Mama alikuwa ameuma leso yake. Mganga akauinua mkono ule juu ili wote wauone, akaugeuza kushoto na kulia kama muuza samaki.

"Ameungua," akasema.

Ikawa imekwisha. Watu waliinuka wakakung'uta nguo. Hakuna aliyeshangilia na hakuna aliyepinga. Binamu mkubwa alikuja akasimama mbele ya shangazi yake, akasema kwa adabu, "Pole, shangazi," akaenda zake.

Niliwachukua wote wawili garini. Hospitalini waliusafisha mkono na kuufunga, lakini vidole viwili havikunyooka tena. Nyumba ya udongo ilichomwa kabla bandeji ya kwanza haijabadilishwa, na mwezi haukuisha shamba likazungushiwa waya. Mzee yuko ndani ya waya huo. Nimepita mara moja kuangalia. Kaburi halina alama, kwa hiyo siwezi kusema ni wapi.

Nilimpa mama chumba cha uani, chumba kizuri, chenye choo chake na umeme. Kadi zikaanza kuja. Kila tawi la chama lilikuwa limeambiwa, na kila tawi liliandika: picha za milima, za meli, za paka. Posta walinizoea. Mama alitaka asomewe zote. Mmoja alimwambia kwamba matufaha yake yamepata ugonjwa. Mama akataka kujua kama yalipona, nasi tukaandika kuuliza, na jibu likaja.

Wale wenzetu hawakuishia kwenye kadi. Waliandika kwa balozi, kwa mawaziri, kwa magazeti ya kwao na ya kwetu, na hapo ndipo nilipoona tena kile alichoniambia bibi wa mkongojo. Ofisa yule aliyekuwa akichokonoa meno alihamishwa. Wapelelezi wawili walikuja mpaka kwangu, wamevaa viatu safi, wakakaa chini ya stashahada yangu, wakasema wamefungua jalada la kifo cha yule mzee. Walihitaji kitu kimoja tu, maelezo ya mama. Yeye peke yake ndiye aliyefika pale asubuhi ile.

Nilimwita. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, mkono umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa kukishika.

"Mama, tuambie ulichokiona," akasema mpelelezi, na alisema vizuri, bila ukali.

"Sina la kusema, baba."

"Unamwogopa nani? Hapa uko salama."

"Simwogopi mtu. Niliapa. Niliungua. Ushahidi wa mtu aliyeungua mtaufanyia nini?"

Mwalimu alipiga magoti mbele yake. Mimi nilizungumza, na nikitaka kuzungumza hujui nitaishia wapi. Nilimweleza juu ya chuma na joto, juu ya ngozi, juu ya mganga na waliomlipa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua, mwanangu. Najua shoka linaunguza kila mtu. Lakini watu waliniona nikiungua."

Wapelelezi walikunywa soda zao wakaondoka. Jalada bado liko wazi, wanasema nikipiga simu.

Niliandika ombi moja zaidi kwa chama. Nilitaka mama aingizwe uanachama, kama mwandishi. Waliniuliza, kwa heshima, amechapisha nini. Niliwajibu kwa ukurasa mzima, na ni ukurasa bora kuliko vitabu vyangu vyote viwili. Niliwaambia kwamba ana kazi moja, imechapishwa kwa mkono wa binti yake, imesomwa redioni, na kila pembe ya pwani hii ikatoa mtu wa kudai kwamba mzee yule ni wake. Niliwaambia kwamba alipoulizwa mbele ya watu kama kazi hiyo ni yake alisema ndiyo, na kwamba sijui mwanachama mwingine aliyetoa jibu hilo kwa gharama ile. Wakamkubali. Katika kongamano lao waliisoma hadithi kwa lugha tatu, wakataja jina lake kabla ya jina la binti, na kwenye jukwaa waliweka kiti kitupu kwa ajili yake. Walitutumia video. Mama aliitazama kwenye simu yangu, akakitazama sana kile kiti.

"Mbona hawakumpa mtu akae?"

"Ni chako, mayo. Ni heshima."

"Mimi niko hapa," akasema.

Na kweli yuko hapa. Huja mikutanoni nyuma ya duka la vitambaa, huketi mstari wa mbele, na kijana wa baa humletea soda na kumwita shosho, nyanya kwa Sheng yake. Tunaandaa kitabu cha pili. Mwalimu ameacha kuandika. Anasema hana cha kuandika, kila alichokuwa nacho kilikuwa cha mama. Kwa hiyo mwezi uliopita nilimgeukia mama mwenyewe mbele ya wanachama wote. Najua zamani alikuwa na hadithi nyingi. Binti yake aliniambia kwamba watoto wa kijiji kizima walikuwa wakijazana kwake magharibi, mpaka mama zao wakaja kuwachukua kwa fimbo.

"Mayo, tupe moja. Si lazima iwe ya ukoo. Tupe hata ya sungura."

Aliuficha mkono wa kulia ndani ya leso.

"Hata ya sungura," akasema, "wataniuliza kama ni kweli."

Tukaendelea na mkutano. Kijana wa baa alisoma shairi lake, refu, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, naye mama alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba midomo.